Wageni wa Folda ya Baadaye

Jumanne ya pili ya mwezi wa Aprili, saa tatu kasorobo asubuhi, Lempi Rautio alikuwa anapanga donati kwenye sinia juu ya kaunta ndefu ya marumaru. Zamani jengo lile lilikuwa benki. Sasa lilikuwa ofisi ya Trevarrow, kampuni iliyotunza tovuti na barua pepe za watu wa mji wa Osmo na vitongoji vyake. Seva zilikaa ndani ya chumba cha chuma walimokuwa wakifungia fedha, kwa sababu mle mlikuwa na baridi nzuri na mlango wake ulikuwa mzito kuliko gari.

Siku hiyo ilikuwa siku ya kuhama. Wateja mia sita na kumi na wawili wangeuacha ule ukurasa wa zamani wa kusomea barua, wa rangi ya kijivu, uliokuwepo tangu Lempi akiwa shuleni, na kuingia katika ukurasa mpya, mweupe, wenye alama kubwa, unaofunguka upesi. Kuwahamisha ilikuwa kazi ya Lempi. Alikuwa ameiandaa kwa miezi mitatu peke yake, na alikuwa anaipenda kama mtu anavyoipenda nguo aliyoishona kwa mkono wake. Lempi hakuwa mtu wa maneno. Kwenye simu sauti yake ilikuwa inapungua mpaka mteja anauliza kama bado yupo. Lakini kuandika alikuwa anajua, na wateja alikuwa amewaandikia barua tatu za maelezo, zenye picha na mishale myekundu, na wengi walikuwa wamezichapa wakazibandika kwenye friji.

Jambo moja aliliamua bila kumwuliza mtu. Ukurasa wa zamani ulikuwa unaonyesha zile folda tu ambazo mwenyewe amezitia tiki. Nyingine zilikuwepo, ila hazionekani. Ukurasa mpya ulikuwa unatoa nafasi ya kuchagua: onyesha zenye tiki, au onyesha zote. Lempi alichagua zote, kwa wateja wote. Aliona kwamba mtu anayehamia nyumba mpya haifai aache vyombo vyake darini bila kujua kuwa viko.

"Dada, pumua," alisema Carla Bonetti, mwenzake wa mapokezi. "Utatuangukia hapa."

"Napumua."

"Unapumua kama samaki kwenye ndoo."

Bosi wao, Dwayne Trevarrow, alitoka ofisini mwake na kengele ya ng'ombe ya marehemu babu yake. Alikuwa amevaa tai. Saa tatu kamili aliipiga kengele mara tatu, Lempi akabonyeza, na ukurasa wa kijivu ukazimika katika mji mzima.

Simu zikaanza kulia zote pamoja.

"Kitufe cha kutuma kimeenda wapi?" aliuliza mzee mmoja mwenye duka la chambo.

"Ni ile alama ya kindege cha karatasi, Mzee," alisema Lempi.

"Nakiona. Kinaruka kwenda wapi?"

"Kwa yule unayemwandikia."

"Haya, na kiende."

Bi Hulda Maki alipiga kusema amekuta folda ya marehemu mumewe, na ndani yake picha mia tatu za samaki. "Ni samaki mmoja huyohuyo, mwanangu!" alipiga kelele. "Mia tatu! Amegeuzwa kila upande!" Alicheka mpaka akalia, akasema folda hiyo mtu asiiguse. Mwalimu wa kwaya alipata nyimbo zake. Fundi wa mabomba alipata ombi la ndoa ambalo hakuwahi kulijibu, akauliza kama bado kuna muda. Lempi alikuwa anakimbia kutoka simu hii hadi ile, mashavu yamemwiva, sauti yake inasikika hadi mlangoni, na hakuna aliyeuliza kama bado yupo.

Saa nne kasoro dakika ishirini, mlango wa chumba cha seva ulifunguliwa kutoka ndani, na mwanamume akatoka. Alikuwa amevaa kizibao cha kiwandani. Viatu vyake vilikuwa na theluji mpya, ingawa theluji ya nje ilikuwa ya zamani na imeshakuwa nyeusi. Alijifuta miguu kwenye zulia.

"Samahani, ni hapa wanapongojea majibu?"

Carla aliziba simu kwa kiganja. "Majibu ya nini?"

"Barua niliyowaandikia kiwandani."

"Chukua namba," alisema Carla, kwa sababu mashine ya namba iliyoachwa na benki ilikuwa bado inafanya kazi. Mwanamume akachukua namba moja, akaketi kwenye benchi. Nyuma yake akatoka mwanamke mwenye koti zuri la sufi, kisha vijana wawili, kisha mwanamume aliyekuwa akikohoa ndani ya kofia yake. Wote walichukua namba. Kufika saa nne u nusu benchi lilikuwa limejaa, na waliochelewa walikuwa wameegemea ukuta.

Bwana Trevarrow alikuja kuwaangalia. "Wamekaa kwa utaratibu," alisema. "Donati zitatosha?"

"Zikikatwa nusu," alisema Carla.

Lempi alifungua sanduku la barua la kiwanda, kama alivyoruhusiwa kufanya siku ile kwa sanduku la mteja yeyote. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza mbao za kushindilia, zile za unga wa mbao na gundi, na nusu ya mji ilikuwa imefanya kazi huko. Upande wa kushoto, chini ya folda nyingine, ilionekana folda iliyoitwa Baadaye. Ilikuwa na barua themanini na mbili, na zote zilikuwa na alama ya kwamba zimesomwa. Juu yake kulikuwa na amri ya kuchuja, iliyowekwa miaka kumi na mmoja nyuma: barua yoyote yenye neno vumbi, au neno kikohozi, ipelekwe Baadaye na ihesabiwe imesomwa. Folda hiyo hakuna aliyewahi kuitia tiki, kwa hiyo ukurasa wa kijivu haukuwahi kuionyesha.

Lempi aliteremsha macho taratibu kwenye majina.

Miaka tisa iliyopita, yeye na mama yake, Arlene, walikaa mezani jikoni wakaandika barua. Mama yake alikuwa kwenye kitengo cha kupiga msasa, na alikuwa anaomba ahamishiwe kwenye kufunga mizigo, kwa sababu ya vumbi. Arlene alitamka, Lempi akachapa, na ni Lempi aliyebonyeza kutuma. Tangu siku hiyo, kila jioni akivua viatu, mama yake alikuwa anauliza, "Wamejibu?" na Lempi anafungua kikasha anasema, "Bado, Mama." Waliulizana hivyo majira mawili ya baridi. Majira ya pili mama alizikwa. Lempi aliamini kwamba alikosea anwani. Aliamini aliandika herufi moja vibaya na barua ikaenda kusikojulikana, na kwamba hilo ndilo lililomfanya mama yake abaki kwenye msasa. Hakumwambia mtu. Alipopata kazi kwa Trevarrow, alikuwa anaisoma kila anwani mara tatu kabla ya kutuma, na Carla alikuwa anamtania kwamba anasali.

Barua ya arobaini na moja ilikuwa na jina la Arlene Rautio. Anwani ilikuwa sahihi, herufi zote.

"Carla," alisema Lempi. "Sasa hivi ni namba ngapi?"

"Thelathini na sita. Na kahawa imekwisha."

Wakati huo Reino Aho, mzee wa miaka sabini, aliingia kutoka barabarani kuuliza jinsi ya kukuza maandishi. Kwenye benchi alikuwa amekaa Reino Aho wa miaka hamsini na tisa, namba ishirini na mbili. Walitazamana.

"Una tumbo," alisema yule wa kwenye benchi.

"Na wewe una nywele. Umekuja kwa ile barua ya barakoa?"

"Ndiyo. Wametoa?"

"Hawakutoa. Utaacha kazi mwezi wa Juni, utanunua boti."

"Boti nzuri?"

"Mbovu. Ya kijani. Usiinunue."

"Lakini nitainunua."

"Utainunua, bwana, nakujua."

Yule mdogo alifikiri kidogo. Aliikunja namba yake akaiweka kwenye kaunta, akamshukuru Carla kwa donati, akatoka nje. Nyayo zake zilipita mbele ya duka la vifaa, zikafika pembeni, zikaishia hapo.

"Huyo amejibiwa," alisema Carla. Wote kwenye benchi walikubali kwa vichwa. Reino mzee akaendelea na swali lake la maandishi.

Mama yake Lempi alitoka saa tano na robo. Wengine waliandikia barua zao kantini ya kiwanda, ndiyo maana walikuja na viatu vyenye theluji. Arlene aliandikia nyumbani, kwa hiyo alikuwa na ndara za manyoya na aproni yenye unga. Alichukua namba yake, akageuka kutafuta pa kukaa, akamwona binti yake.

"Umekonda," alisema. "Au ndiyo kukua? Wamejibu?"

"Mama, ilifika!" Lempi alikuwa ameruka kaunta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa mtoto. "Barua ilifika! Anwani ilikuwa sawa! Nimeiona kwa macho yangu, herufi zote ziko!"

"Sasa ingeachaje kufika, na umeiandika wewe?"

Lempi alimkumbatia, unga ukahamia kwenye sweta lake. Mama alikuwa na joto, na alinukia vitunguu na vumbi la mbao. Lempi alicheka kwa sauti, akawaambia watu wa kwenye benchi, mmoja mmoja, ambao hakuwa akiwafahamu, kwamba huyu ni mama yake na kwamba barua ilifika. Walimpongeza. Yule mwenye koti la sufi, Joanne, alisogea ili Arlene apate kukaa.

"Hivi hapa mnangoja muda mrefu?" aliuliza Arlene.

"Mimi nimefika sasa hivi," alisema Joanne, ambaye barua yake ilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Adhuhuri alifika Bwana Garth Pelkie, meneja wa kiwanda. Alikuwa mtu mwungwana. Alipita kwenye benchi akiwapa mikono. "Habari, Walt. Habari, Joanne. Poleni kwa kungoja." Joanne alikuwa amezikwa msimu wa mwaka jana wa majani kuanguka, na Bwana Pelkie ndiye aliyepeleka maua. Alilisifia koti lake, kisha akaingia nyuma ya kaunta.

"Dwayne," alisema kwa upole, "naona mmeonyesha folda ambayo haikuwa na tiki."

"Ni ukurasa mpya," alisema Bwana Trevarrow. "Lempi ndiye anayeujua."

"Basi dada yetu atatuondolea hiyo tiki ya kuonyesha zote."

Bwana Trevarrow alimtazama Lempi. Carla alimtazama Lempi. Mama yake, kutoka kwenye benchi, alimtazama Lempi kama alivyokuwa anamtazama zamani kanisani, alipotakiwa kusimama na kusoma.

"Nikiiondoa watakwenda wapi?" aliuliza Lempi.

"Walikokuwa."

"Siiondoi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka yote. "Nikiiondoa inaondoka kwa wote. Bi Hulda atapoteza samaki wake. Wajibu, Bwana Pelkie. Mjibu hata mmoja. Mjibu namba arobaini na moja."

Simu ya Carla ililia. Alikuwa Bi Hulda, amesikia kwa jirani kwamba kuna mtu anataka kuondoa tiki. Carla alielekeza simu hewani ili wote wasikie. Ilimchukua Bi Hulda dakika kadhaa kumaliza.

"Haya," alisema Bwana Pelkie. "Ombi la haki hilo."

Aliketi kwenye kiti cha Lempi na kuifungua barua ya Arlene. Aliisoma mpaka mwisho. Ndipo Lempi alipokumbuka nyayo za Reino zilivyoishia pembeni mwa duka la vifaa. Alikwenda kupiga magoti mbele ya benchi.

"Mama, akikujibu utaondoka."

"Si ndicho nilichokuja kufuata? Mwache aandike, mwanangu." Arlene alimpangusa unga kwenye sweta. "Na nywele zako zitane. Mbele ya wateja."

Bwana Pelkie aliandika kwa vidole viwili. Aliandika kwamba amelipokea ombi la Bibi Arlene Rautio la kuhamishwa kutoka kitengo cha msasa, kwamba kiwanda kinathamini afya ya kila mfanyakazi, na kwamba suala hilo litashughulikiwa baadaye. Chini ya maneno yake ilibaki barua ya Arlene, kama kawaida ya majibu. Kisha aliongeza nakala ya kiwandani, kwa kuwa kanuni ya kiwanda ilitaka barua yoyote inayotoka iache nakala katika sanduku la kiwanda. Akabonyeza kindege cha karatasi.

Arlene alisimama, akajinyoosha aproni. Lempi alimshika mkono. Arlene alitembea mpaka mlango wa barabarani, akashika kitasa, akasubiri kidogo kama mtu anayekumbuka kama amezima jiko. Halafu akarudi kuketi mahali pake.

"Wanasema baadaye," aliwaambia wenzake.

"Hata mimi niliambiwa hivyo kwa mdomo," alisema namba moja.

Mlango wa chumba cha seva ulifunguka tena. Nakala ilikuwa imefika kwenye sanduku la kiwanda, na kwa kuwa ndani yake mlikuwa na neno vumbi, amri ya kuchuja iliipeleka Baadaye. Akatoka Bwana Pelkie wa pili, mwenye tai ileile. Alichukua namba themanini na tatu, akaketi karibu na Joanne, akauliza kama kuna kahawa.

Bwana Pelkie wa kwanza alimtazama. "Huyu anamngoja nani?"

"Wewe, bosi," alisema Carla.

"Nitamshughulikia," alisema Bwana Pelkie, akitazama saa yake. Hakumaliza sentensi. Alivaa koti, akawapa tena mikono wote, pamoja na yeye mwenyewe.

Kabla hajatoka, Lempi alimwuliza juu ya ile amri. Bwana Pelkie alisema aliikuta ilipo. Hakumjua aliyeiandika, kwa hiyo hakuona vyema kuifuta. Bwana Trevarrow alisema amri za kuchuja ni mali ya mteja, kampuni haiziingilii, na hilo lilikuwa kweli, limeandikwa katika masharti. Wakapeana mikono nao pia.

Wiki iliyofuata kiwanda kilituma gari na mabenchi sita mapya, mazuri, ya mbao za kushindilia, kila moja lina kibao kidogo chenye jina la kiwanda. Yalikuwa yamepigwa msasa vizuri. Kila asubuhi Carla alikuwa anayafuta vumbi kabla hajapika kahawa. Wateja walizoea. Waliokuja kuuliza maneno yao ya siri waliketi na waliongoja, wakasikia habari za mji za miaka tofauti, na watu walisema ofisi ya Trevarrow imekuwa na uhai kuliko ilivyokuwa benki. Baadhi waliletewa majibu na jamaa zao, wakaondoka. Wengi jamaa zao walikuja wakaketi nao tu, wakawa hawana haraka.

Wageni wapya waliendelea kutoka pia, mmoja au wawili kwa wiki. Hawa walikuwa na vizibao vya mwaka huu, na wakati wakiwa kwenye benchi walikuwa vilevile kiwandani, zamu ya asubuhi.

Ijumaa ya mwisho ya Mei alitoka msichana wa miaka kumi na tisa hivi, kope zake nyeupe kwa vumbi. Akachukua namba tisini na saba.

Saa sita Lempi aliingia kutoka barabarani na pasti mbili za unga zilizojazwa nyama na viazi, bado zina moto. Alikuwa akitembea upesi, kama alivyokuwa anatembea kila siku tangu Aprili.

"Umeleta mchuzi?" aliuliza Arlene.

"Nimeleta tomato sosi."

"Tomato sosi! Nani amekulea wewe?"

"Wewe."

Joanne alicheka. Arlene alisogea akampa yule msichana nafasi, akamkatia pasti yake nusu kwa mikono, akampa upande wenye nyama nyingi. Msichana alishukuru, akaanza kula na kukohoa kidogo. Kisha Arlene akamgeukia binti yake, kama alivyofanya mchana wa jana na wa juzi.

"Wamejibu?"

Jibu Lempi alikuwa nalo miaka yote hii. Lingetosha sentensi moja, kama ile ya Reino: hawakukuhamisha. Alimtazama mama yake, aproni yake, ndara zake za manyoya. Nyuma ya kaunta skrini ya kiwanda ilikuwa wazi, na ile amri ilikuwa bado juu ya folda.

"Bado, Mama," alisema, na furaha ikamjaa mpaka usoni, akaketi kula.